Sahani Iliyorudi Tupu

Jumapili, 15 Oktoba 2006

Mvua ya Wembley leo haina adabu: hainyeshi ikaisha, wala haiachi. Tumeingia kumi la mwisho la Ramadhani, tumbo linanguruma, nami nimekaa mbele ya kompyuta najifanya nina la kuandika. Kumbe tangu mchana nilikuwa nasubiri simu, na sasa imeshapigwa, sijui nikae wapi.

Binti yangu Salma yuko Vienna, amekwenda kusomea usanifu wa majengo. Wiki ya sita hii. Ameondoka na begi langu la kahawia, lile nililokuja nalo kutoka Unguja, ambalo zipu yake haifungi mpaka ulikalie. Nililikalia mwenyewe. Nilikaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nikiri jambo. Tangu aondoke, mdomoni namwombea afaulu, na moyoni nasubiri ashindwe kidogo tu, arudi.

Wiki iliyopita nikapata nafasi yangu.

Salma alikuwa akilalamika kwamba katika jengo lao watu wanapishana ngazini kama hawaonani. Nami, baba mtu mwenye busara zake, nikamwambia, "Mwezi wa Ramadhani huu. Pika kaimati umpelekee jirani. Hakuna mlango usiofunguka kwa sahani." Akampelekea bibi mmoja mzee wa mlango wa mbele yake. Kesho yake akaikuta sahani imetundikwa kitasani ndani ya mfuko. Imeoshwa, inang'aa.

Tupu.

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Huna kitu, weka hata ndimu mbili. Kuirudisha tupu ni kusema: tusizoeane. Salma amezaliwa hapa hapa London, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, lakini hilo analijua. Sahani hizo amezibeba milangoni mwa watu tangu ana miaka mitano. Alinipigia analia. Hataki tena, nimtafutie tiketi.

Mzazi mwenye akili angemtuliza. Mimi nikasema, "Rudi, mwanangu. Huko si kwa watu. Vyuo viko huku, basi moja tu." Na nilipokata simu, Mungu anisamehe, nilikuwa natabasamu.

Mama yake, Zuwena, alikuwa anakuna nazi jikoni, akasikia yote.

"Huyo bibi kaambiwa na nani kwamba sahani hairudi tupu?"

"Mambo mengine haambiwi mtu."

"Eee. Ndiyo maana tulipofika hapa ulimnunia yule mzee wa ghorofa ya chini mwaka mzima. Mwaka mzima, Baba Salma, kwa sahani ya vitumbua! Naye maskini kila asubuhi anakuamkia, kosa lake halijui."

Nikamwambia nimefunga, sitaki maneno.

Ilinichukua siku mbili kumpigia Salma. Nikamsimulia habari ya yule mzee, na aibu yangu yote. Nikamwambia apeleke sahani nyingine, safari hii aseme. Akishasema, na bado anataka kurudi, Jumapili aniambie, nitakata tiketi. Akajibu tu, "Okay, Dad."

Jumapili ndiyo leo.

Simu imelia saa kumi na moja na robo. Vienna wametutangulia saa moja, kwa hiyo Salma keshafuturu, ananitafunia sambusa sikioni na mimi mate yananijaa.

"Shikamoo, Baba."

Shikamoo! Hapa nyumbani ilikuwa haitoki mpaka mama yake amkodolee macho.

Alisimama mlangoni kwa yule bibi na sambusa zake, akaeleza desturi yetu kwa Kijerumani cha wiki sita. Bibi akajishika mashavu. Kumbe mara ile alikwisha kukata keki aiweke kwenye sahani, halafu akakumbuka kwamba binti kafunga. Akaogopa kwamba kumwekea mtu chakula mlangoni asubuhi ni kumkebehi. Akaishia kuiosha sahani mara mbili. Hiyo ndiyo heshima aliyoiona inafaa. Safari hii kairudisha na chupa ya jamu ya aprikoti aliyoipika mwenyewe, na Jumamosi anataka afundishwe kaimati.

"Sasa, tiketi?" nimeuliza, sauti imenitoka nyembamba kama ya mtu anayeomba.

"Usikate, Baba." Kisha, kwa Kiswahili chake cha kupapasa: "Begi lako nitalileta Disemba. Na halirudi tupu, si ndiyo?"

Nimesema alhamdulillahi. Nimeisema vizuri sana, mpaka Zuwena amechungulia kutoka jikoni aone kama nalia.

Nilikuwa nalia.

Magharibi bado dakika kumi na nne, na saa nimeshaitazama mara tatu tangu nianze aya hii. Mtu asiyeziweza dakika kumi na nne, wiki tisa hadi Disemba ataziwezaje?