Baba Amezikwa, Lakini Bado Yuko Hewani

Marangu, Jumanne, 10 Juni 2025. Asubuhi ukungu na manyunyu, mlima hauonekani.

Mpendwa Bi Shamsia, shikamoo. Ukurasa wako huwa naukata kila Jumamosi na kuubandika kwenye shajara yangu, na sikudhani siku moja nitaomba msaada humo, lakini mgeni anakuja na mimi nimekwama.

Baba yetu, Mzee Eliufoo, alikuwa fundi mitambo, na alipostaafu akafanya mtihani akapata leseni ya redio ya ridhaa, yaani ile ya kuongea na watu wa nchi za mbali kwa kupenda tu, bila biashara, akapewa na jina la hewani, zile herufi na tarakimu ambazo ni za mtu mmoja peke yake, na mimi ndiye niliyekaa naye mezani miaka tisa nikimwandikia daftari la mawasiliano: tarehe, saa, nchi, hali ya sauti. Alifariki tarehe 18 Februari mwaka jana. Ukoo ulipokaa baada ya mazishi kugawa kihamba, yaani shamba la migomba lililozunguka nyumba yetu, baba mdogo Sifael akasimama akasema, "Kihamba ni cha Lucky kwa kuwa ndiye kitindamimba, na kilichomo kihambani ni cha Lucky," mama akauliza, "Na redio?" akajibiwa, "Waya wa redio umefungwa kwenye mti wa mgrivea, mgrivea uko kihambani, sasa shemeji unauliza nini?" na hivyo mdogo wangu akarithi redio, leseni iliyo kwenye fremu ukutani, na jina la baba.

Bi Shamsia, Lucky hajawahi kufanya mtihani wowote wa redio. Alikaa kwenye kiti cha baba akaita kwa jina la baba, na sauti zao zinafanana, na rafiki wa baba wa Ufini, Mzee Pekka, akafurahi akauliza, "Eliufoo, ulipotea wapi, mguu unaendeleaje?" na Lucky akajibu, "Umepona kabisa, wiki ijayo napanda mlima, na wewe njoo, nitakutafutia waongozaji na wapagazi kwa bei nzuri." Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa na kalamu. Niliandika: saa kumi na dakika tano jioni, Ufini, sauti safi.

Wala haikuishia hapo, maana mawasiliano huthibitishwa kwa kadi zinazotumwa kwa posta, na mwandiko wa Lucky ni kama kuku kaparura, basi nikaandika mimi, kadi arobaini na moja, kwa saini ya baba, nikijiambia ni heshima kwa marehemu. Sasa Mzee Pekka anakuja Agosti na anataka kumkumbatia Eliufoo. Niliposema tumwambie ukweli, Lucky akasema, "Dada, tulia, baba mdogo atasimama badala yake, Wazungu hawatutofautishi," na baba mdogo, ambaye anapenda wageni, amekubali, na tangu Ijumaa anajifunza kuchechemea. Nikamwuliza, "Lakini si tulisema mguu umepona?" akasema nisimharibie.

Kinachoniumiza ni kwamba na mimi nimeomba kufanya mtihani nipate leseni yangu mwenyewe, na lazima nieleze uzoefu wangu, na uzoefu wangu wote umo katika daftari lile lile. Lucky anasema nilichome. Nikilichoma, miaka tisa ya baba inaungua, nikilitoa, leseni naikosa kabla sijaipata. Tangu kadi ya kwanza usingizi umenikimbia. Nimepiga wastani wa saa ninayolala kutoka kwenye shajara: saa nane kasoro robo usiku.

Mwenye Kalamu

JIBU

Mwenye Kalamu, marahaba. Pole kwa msiba, na hongera. Nimesikia koo nyingi, lakini wenu ndio wa kwanza ambao marehemu wao anatafuta wateja.

Mimi ni mtu wa mjini, na kwetu mirathi ina hesabu ndefu, lakini hata shehe wetu hajawahi kugawa mtihani. Mgomba ukikatwa, chipukizi linashika nafasi. Leseni haina chipukizi. Alipewa Eliufoo kwa sababu Eliufoo alisoma. Siku alipozikwa, na yenyewe iliisha. Lile sanduku la redio Lucky alirithi, sawa, alifunike kitambaa cha kufuma. Kulisemea, hapana. Na kunadi safari za mlima humo hata baba yako angekatazwa. Si umeandika mwenyewe, "bila biashara"?

Umeona walivyogawa? Asiyejua kitufe kapewa jina la baba. Wewe uliyejua vitufe vyote umeachiwa kalamu. Naliona, na linanichoma. Lakini usijifiche nyuma ya uonevu huo. Nani alikushika mkono mara arobaini na moja? Lucky alidanganya kwa mdomo, maneno yakapeperuka. Wewe uongo umeutia saini, ukaubandikia stempu. Ungekuwa mvivu kidogo tu, kosa lingekuwa dogo.

Sasa nisikilize. Leo, kabla ya chai ya jioni, chomoa waya. Lucky akifoka, mwambie ashuke Moshi aniulize mimi. Kesho mwandikie Pekka kwa jina lako: baba alifariki Februari mwaka jana, aliyekujibu ni mdogo wangu, aliyeandika kadi ni mimi. Mwambie akitaka bado aje, kaburi liko kihambani. Waliobaki nao waandikie mmoja mmoja. Mwandiko si unao? Kisha peleka kwa mamlaka ya mawasiliano leseni ya baba, nakala ya cheti cha kifo na daftari zima, using'oe hata ukurasa. Huenda wakakuadhibu, huenda wakakuchelewesha. Chelewa. Afadhali leseni ya mwakani yenye jina lako kuliko ya leo inayoogopa daftari lako mwenyewe.

Baba mdogo Sifael naye akate jani la sale, lile mnaloombea msamaha huko kwenu, alipeleke kwenye kaburi la kaka yake. Atembee kwa miguu yote miwili.

Na siku utakayotumbukiza barua ya Pekka kwenye sanduku la posta, fungua shajara. Andika tarehe, hali ya hewa, na saa uliyolala. Mimi nakisia saa tatu na robo. Ikipita saa tatu na nusu, rudia kuhesabu kadi; kuna moja hujaiungama.