Mfereji wa Nne

Rua das Paineiras 48,
Bauru, Brazili.
14 Agosti 2019

Mpendwa mdogo wangu Nivaldo,

Hujambo huko Ureno? Mgongo wako unaendeleaje, na Sueli amezoea baridi? Mimi sasa ni mzima, ingawa kwa miaka miwili nilitafuna kwa upande mmoja kama mbuzi mzee.

Binamu yetu Valdomiro, daktari wa meno, alilitibu gego langu la juu, upande wa kushoto. Alisafisha mifereji midogo iliyo ndani ya mizizi yake, akaiziba. Maumivu hayakuisha. Akarudia, yakabaki. Mwisho akaniambia, “Dada Jandira, jino limepona. Kinachouma ni upweke. Lakini ukitaka, nitaling’oa.” Nikaondoka.

Mwezi Juni nilikwenda kliniki ya meno ya chuo kikuu. Binti mmoja, Taciana, akanisimamisha mbele ya mashine inayozunguka kichwa na kupiga picha ya jino pande zote. Bure. Vitu vya bure huniwasha ngozi, wanijua. Kisha akaniletea karatasi nitie sahihi, picha yangu iingie kwenye utafiti wake.

“Nitaficha jina lako, mama.”

“Kwa nini ulifiche, kama hufanyi ubaya?”

Akacheka. “Tunahesabu mifereji ya magego mia nne ya watu wa hapa. Jina halina kazi.”

Sikutia sahihi. Nilimwambia anionyeshe kwanza.

Akalikata jino kwenye kompyuta vipande vyembamba, kama anakata mkate. Mifereji mitatu ilikuwa myeupe, imezibwa. Kando yake palikuwa na wa nne, mweusi, mwembamba kama unywele. “Huu haujawahi kuguswa,” akasema.

Nivaldo, nilidhani ni jino la mtu mwingine. Nikamtaka anionyeshe jino la jirani yake, lile lililozibwa kwa madini nilipokuwa na mimba ya Rosângela. Lilikuwepo, na ile kona yake iliyomeguka. Ndipo nikaamini. Wakausafisha ule wa nne, na wiki ya pili nikala halua ya mapera kwa upande wa kushoto. Nililia jikoni peke yangu. Karatasi nilitia sahihi.

Nilimpelekea Valdomiro picha. Akaitazama, akasema, “Eksrei yangu haiwezi kuuona huu.” Huenda ni kweli. Simlaumu kwa asichokiona. Namlaumu kwa alichokisema.

Na hapo naja kwako. Wakati wa Pasaka uliniandikia nitafute mwenza, eti upweke huleta maumivu ya kubuni. Mimi sikukuandikia habari za upweke, wala za jino. Ni yeye aliyekupigia simu? Mlinizungumzia mara ngapi? Na mama mlimwambia? Maana tangu Pasaka ananiuliza hali kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa.

Nisalimie Sueli na mapacha. Rosângela anakusalimu. Mungu akulinde na akupe moyo wa kunijibu ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba ulimwamini yeye.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bado,
Jandira