Kisanduku Kisichouliza Jina

Mdogo wangu Saidi,

Popote ulipo, pokea salamu za kaka yako. Niko Songea, nabeba matofali kwenye ujenzi huku Matogoro. Mabega yameota sugu, ila mzima.

Wajua shule yangu iliishia darasa la tano. Lakini sasa nina tovuti. Usicheke. Kila Ijumaa naandika habari za nyumbani Nalasi: nani kaoa, nani kafariki, mikorosho imetoa maua au bado. Anayetaka anaacha anwani yake ya barua pepe, na barua inamfuata kokote aliko. Nilianzisha nikikutafuta wewe.

Unakumbuka tukibangua korosho na mama nyuma ya jiko, unakula nyingi kuliko unazobangua, halafu unawasingizia kuku? Ndiwe niliyekuaibisha kwenye msiba wa baba. Ulifika tumeshazika, nikakwambia mbele ya watu, "Umefuata ubwabwa wa matanga?" Asubuhi hupo. Baadaye nikasikia gari lenu lilikwama matopeni siku mbili. Nilikosea, Saidi. Nakuomba radhi hadharani, kwa sababu hadharani ndipo nilipokutukana.

Mwanzoni tovuti ilidoda. Nilikuwa nimeweka fomu: jina, jina la baba, kitongoji, namba ya simu. Wiki nenda wiki rudi, watu saba tu. Felista, dada wa steshenari aliyenifungulia tovuti, akaitazama akacheka.

"Kaka, hii barua au kituo cha polisi? Bado alama za vidole tu!"

"Sasa nitamjuaje mdogo wangu?"

"Aliyeondoka na aibu ataandika jina lake hapo?"

Tukafuta vyote, tukabakiza kisanduku kimoja cha barua pepe. Watu wakaanza kujiunga, wakatumiana anwani ya tovuti kwenye simu. Sasa wamepita mia. Mmoja aliniandikia, "Mimi wa hukohuko, usiniulize jina. Mvua imenyesha?" Nikamjibu imenyesha, nikaishia hapo, ingawa mkono uliniwasha kuuliza.

Sitajua kama umo, na nimekubali. Kama humo, kisanduku kiko chini ya barua hii. Habari za mama utazipata bila kufichwa: macho yanafifia, lakini analima na kugomba vilevile. Juzi nilimwambia kwa simu huenda unasoma. Akasema:

"Basi mwandikie namba yangu ni ileile. Apige hata akinyamaza. Mimi ndiye nitakayeongea."

Kaka yako wa tumbo moja