Kithai Mbele, Mambo Yangu Nyuma

Jumanne, 6 Desemba 2016

Madam Khamisa ametangaza: shule zikifunga tunaenda Bangkok siku kumi. Sisi! Mimi naenda kumshika mtoto wao Hilwa mkono, Madam na Sir mumewe wazunguke madukani. "Basi n'ambie, Metrine, mtoto akitaka choo kule utasema nini?" Amenipa daftari. Nijifunze Kithai kwa Noi, yule Mthai anayekuja kila Jumanne kumkanda mgongo.

Noi amenianzishia jikoni, mafuta yakipata moto. Sawatdii kha – hujambo. Khop khun kha – asante. Hong naam yuu nai – choo kiko wapi. Mai phet – bila pilipili. Hiyo kha ni adabu ya mwanamke, usiisahau, na utabasamu.

Nikaomba neno langu moja. Nataka kurudi nyumbani, husemwaje? Akaniangalia. Yaak klap baan.

Kithai naandika mbele ya daftari. Haya mambo yangu, nyuma. Nyumba hii ya Waarabu Kiswahili hakina siri, wenyewe asili yao Unguja. Kibukusu nakisema tu, kukiandika kunanishinda.

Alhamisi, 8 Desemba

Sir amenipeleka kuweka sahihi ya viza. Nimeiona pasipoti yangu! Huwa anaifungia kwenye kabati lake. Nilipiga ile picha nikiwa na mashavu.

Niliahidiwa kurudi Aprili. Ikawa baada ya Ramadhani. Ikawa inshallah. Mercyline wangu nilimwacha akinyonya, jana kwenye simu ameniita auntie. Nimelia hadi nikaunguza kanzu ya Sir.

Hapa sitoki getini peke yangu. Kule nitakuwa nje kutwa. Na Faustine, rafiki yangu wa mtaa wa Al Nahda, anasema Bangkok kuna ubalozi wetu.

Jumapili, 11 Desemba

Balaa! Hilwa alinisikia nikijifundisha. Mezani akapaaza sauti: "Yaak klap baan!" Madam akauliza maana yake.

"Asante kwa chakula," nikajibu. Uongo ulitoka mzima mzima.

Wakafurahi. Wakaisema wote, hata Sir mdomo umejaa biriani. Nyumba nzima inataka kurudi nyumbani, na kwao ni hapo hapo walipoketi.

Jumanne, 13 Desemba

Noi alipomaliza kukanda, Madam akamfanyia maringo: Yaak klap baan kha! Nilikuwa mlangoni na sinia ya chai.

Noi akanitazama. Akatabasamu. "Very good, madam."

Jikoni nikamwomba sentensi ya mwisho: nipeleke ubalozi wa Kenya. Ameiandika kwa herufi zao, zile za kujikunja, nimwonyeshe dereva wa teksi. Nikikariri haisaidii, lazima karatasi. Mkoba wake ulikuwa wazi, pasipoti yake imo, pamoja na kitana. Nimemwonea wivu, Mungu anisamehe.

Ijumaa, 16 Desemba

Faustine kwenye simu: "Na mtoto wa watu je? Utamwacha sokoni?" Sina roho hiyo. Nitamkabidhi kwa mama yake kwanza, mkono kwa mkono. Halafu.

Hilwa amepakia viatu vyangu pamoja na vyake.

Jumapili, 18 Desemba

Uwanja wa ndege. Nimo chooni. Hong naam!

Pale kwa afisa wa kukagua pasipoti, Sir alinipa yangu. Nikaishika labda dakika mbili. Ikagongwa muhuri. Sir akanyoosha mkono, na mimi nikairudisha! Hakuninyang'anya, hakusema neno. Nimezoea kiasi hicho. Nimejichukia.

Lakini karatasi ya Noi ninayo. Ubalozini watanisikiliza hata bila pasipoti, nitaongea mpaka wachoke.

Tumeketi kungoja ndege, Madam akasema: "Metrine, hebu lete hilo daftari lako, nami nikasome maneno njiani." Anasoma kila kitu yule, mpaka karatasi za dawa. Nikasema tumbo, nikakimbilia huku na daftari.

Nimechana kurasa zangu zote za wiki hizi mbili, nimezitia chooni, maji yamezimeza. Zinarudi juu. Navuta maji tena.

Hilwa anagonga mlango. "Dada! Mama anataka daftari!" Kisha anaimba kwa sauti yake yote, wanawake wanacheka kwenye masinki: yaak klap baan, yaak klap baan!

Na mimi pia, mwanangu. Subiri. Karatasi ya Noi naiweka kiatuni. Imebaki karatasi hii ninayoandi–