Mwisho wa Picha Ambao Mama Yako Hakuuona

Mama Wambura, mke wangu mpendwa,

Wamelibomoa jumba la sinema. Wiki iliyopita nilikuwa natoka sokoni Mwigobero kununua sato, nikakuta ukuta wa mwisho umelala chini na vijana wanapakia matofali kwenye guta. Nilisimama pale na samaki wangu mkononi mpaka mmoja wao akaniambia, "Mzee, sogea, vumbi hilo." Nikasogea. Waliobaki wa kuambiwa habari hiyo ni wawili tu, wewe na mama yako. Wewe hupo. Basi nikafunga safari kwenda Butiama.

Najua ungependa kwanza kusikia habari zake. Macho yamekwisha kabisa, lakini akili yake ni nzima. Hata baada ya sisi kukuzika bado anaishi peke yake, na binti wa jirani humpikia na kumchotea maji. Watoto wetu wamemsihi aje kwangu Buhare, akakataa. Nami nimemsihi kupitia kwao, akakataa vilevile. "Nilale chini ya bati la mkwe wangu? Watu watasemaje?" Hata mimi nimelelewa hivyo. Lakini pale hospitalini, ulipokuwa huwezi tena kusema maneno mengi, uliniambia juu yake neno moja tu: "Usimwache." Neno hilo ndilo limekuwa likininyima usingizi.

Unalikumbuka jumba lilivyokuwa, kuta zake nyeupe na mabango ya picha pale mlangoni yaliyopauka kwa jua? Mbele kulikuwa na mabenchi ya wanafunzi na wavuvi, nyuma viti vya watu wazima. Mikanda ilikuja kwa basi kutoka Mwanza, na basi lilipokwama Bunda kwa sababu ya matope, mwenye jumba alisimama mlangoni akaturudisha nyumbani kwa upole kama mchungaji anayeahirisha ibada. Siku mkanda ulipokatika watu walipiga miluzi, nawe ulipiga pia, vidole viwili mdomoni, huku mimi, mwalimu kijana mwenye tai, nikitazama dari nisionekane kuwa ninakufahamu.

Lakini Jumamosi ile ya mama yako inazipita zote. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekubaliwa, ila hawajafikishwa. Kwa heshima ya ukwe nilikuwa sijapata kumwona mama yako uso kwa uso. Kila nilipofika kwenu, yeye alikuwa jikoni, nami nje na wazee. Alikuja Musoma kununua vitu vya harusi, ukamwomba aonje sinema ya alasiri. Hukuniambia. Nami sikukuambia kwamba nitakwenda.

Nilichelewa. Picha ilikuwa imekwisha kuanza, na mtu wa tochi akanionyesha kiti kitupu. Kando yangu alikuwa ameketi mama mmoja aliyejitanda kitenge. Picha ilihusu mtoto aliyepotea gulioni na mama yake akimtafuta mwaka hadi mwaka.

"Mwanangu," yule mama akaninong'oneza, "huyo mwenye kilemba ndiye kamwiba?"

"Hapana, mama. Huyo ni mjomba wake."

"Mjomba gani hamtafuti? Shika karanga."

Nikazishika, nikazila kutoka mkononi mwake. Tuliendelea hivyo, yeye akiuliza na mimi nikieleza, mpaka akasema kwamba siku hizi vijana wenye adabu ni wachache na aliyenizaa alikuwa na bahati. Wewe ulikuwa umekaa upande wake wa pili. Uliitambua sauti yangu tangu neno la kwanza, ukanyamaza! Baadaye ulisema kwamba hukuweza kupumua.

Taa zikawaka kwa mapumziko. Mama yako akageuka anitazame vizuri. "Kijana mzuri. Ni wa ukoo gani?"

Ukasema, "Mama, ndiye."

"Ndiye nani?"

"Ndiye huyo."

Alijifunika kitenge uso mzima, akatoka kwa mlango wa mbele. Mimi nilitoka kwa mlango wa pembeni huku nikikanyaga miguu ya watu. Mtu akapiga kelele, "Kuna moto?" Mvuvi mmoja aliyetuona akamjibu, "Moto wapi! Ni mkwe na mkwe!" Jumba zima likaangua kicheko, kwa maana hakuna mtu wa Mara aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Kwenu hawakucheka. Habari zilifika Butiama kabla ya mama yako. Wazee walikaa, na shangazi yako akasema ndoa ya namna hiyo haina heri, mkwe hawezi kula kutoka mkononi mwa mkwe. Baba yako alikuwa karibu kuwakataa ng'ombe. Ndipo mama yako alipoitwa aulizwe, naye akasimama mbele yao, kavu kabisa. "Mimi? Mimi nilikuwaga sokoni nachagua dagaa. Hiyo sinema yenu hata siijui." Wakatazamana. Nani angembishia mama mzaa chema mbele ya watu? Tukaoana.

Mpaka leo ameshikilia neno hilo. Siku moja nilikuuliza picha iliishaje, kwa kuwa kati yetu ni wewe peke yako uliyebaki kitini. Ulicheka mpaka machozi yakakutoka, ukasema, "Kamwulize mkweo." Kisha video zikaingia majumbani, jumba likakosa watu, likawa ghala la magunia ya dagaa, halafu mahali pa kusalia, halafu likafungwa. Wewe nawe ukaondoka.

Basi Butiama niliketi nje, yeye akiwa ndani, ukuta kati yetu kama kawaida yetu.

"Mama, jumba la sinema wamelibomoa."

"Jumba gani? Mimi huko siendagi."

"Najua, mama."

Kuku wakapita. Nilidhani amelala. Kisha nikasikia sauti ndogo: "Hivi yule mama, alimpataga mtoto wake?"

Sijapata kushtuka namna ile. "Sijui, mama. Nami nilitoka."

"Kumbe na wewe ulikimbia!" Akacheka, Mama Wambura, kicheko chako kabisa.

"Aliyebaki ni mwanao. Hakukusimulia?"

"Ningemwulizaje, na mimi nilikuwa sokoni?"

Kicheko kikaisha polepole. Halafu akasema, "Nijengee chumba huko Buhare. Kiwe na bati lake na mlango wake, mlango usitazamane na wako. Jioni ukae upande wako wa ukuta unisimulie hiyo picha mpaka mwisho. Redio imenichosha."

"Lakini mwisho sikuuona, mama."

"Wewe si mwalimu?"

Fundi amekwisha kupaua. Mlango unatazama ziwani, na Wambura atamleta bibi yake kwa gari Jumamosi hii. Maisha yangu yote nimewafundisha watoto wa watu kwamba asiyejua na aseme hajui. Sasa niko mezani, nikiutunga mwisho wa picha ambao sikuuona. Kwanza niliuandika mwisho wa huzuni, kwa kuwa ndio niliouona kuwa wa kweli. Nikaufuta. Mama huyu amekwisha kumzika mwanawe mmoja, nami nilikuwapo. Katika picha yangu mama atafika tena gulioni, amezeeka, na mtoto wake atamtambua kwa sauti.

Kama sivyo ulivyoona wewe, nakuomba mara hii usinisahihishe.

Pumzika, mke wangu. Sikumwacha.

Mume wako,
Baba Wambura