Zawadi Zilizomtia Mama Shaka

Kwako Kaka Mkubwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, kikohozi kimekuachia, na lile ghorofa mnalotandaza nyaya limefika mahali ambapo msimamizi wenu anawaruhusu kulala. Sisi huku tunapumua. Spana anakusalimu sana. Ameota vindevu vya kuhesabika na sasa mdogo wetu huyo anataka tumwite mzee. Mama naye anakusalimu, ila hajui kama ninakuandikia. Yeye ndiye habari yenyewe, kwa hiyo tafuta mahali ukae kwanza, usisome umesimama.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kaka, unamjua mama. Mtu aliyeunganisha simu za watu ujana wake wote, waya masikioni kutwa nzima, ukinong'ona jikoni anakujibu akiwa uani. Barua haina sauti.

Unakumbuka nilivyokuomba urekodi sauti yako, usimulie siku mama alipokufundisha baiskeli akiwa bado na sare na viatu vya kazini? Nilikwambia ni kwa ajili ya kumfurahisha tu, na kweli ilikuwa hivyo. Wazo lilinijia shuleni. Watoto wangu wa chekechea walikuwa wakiwatengenezea mama zao kadi za maua ya karatasi, gundi mpaka kwenye nyusi, na binti mmoja akaniuliza mimi nimemtengenezea nini mama yangu. Nilimwambia apanguse pua. Lakini swali liliniganda siku nzima. Tangu baba afariki tumemnunulia mama vitu, vitenge, simu, dawa ya miguu. Kukaa chini na kumtengenezea kitu kwa mikono yetu, hata siku moja.

Basi mimi na Spana tukapanga. Hakuna cha dukani. Mimi nitamshonea gauni. Spana atamchongea kiti kirefu cha kujinyoosha, kinachomtosha kuanzia kisogo hadi vidole, maana jioni miguu inamvimba. Halafu nitatarizi kitambaa kikubwa cha kutundika ukutani, picha zake za zamani na maneno ya kila mmoja wetu. Na siku ya kumkabidhi asiguse sufuria. Tukaapa kuwa siri.

Kaka, siri katika nyumba ile ni kama kuficha moshi. Nilimpima amelala kwenye kochi mchana, Spana ameshika ncha moja ya utepe kichwani, mimi nyingine miguuni. Mama akafungua jicho moja. Akatutazama, akalifunga. Tukashukuru tukidhani hajaamka sawasawa.

Kesho yake nikaomba albamu. Akaniuliza ya nini. Nikasema nataka tu kuziona. Nikazichomoa picha alizotoka vizuri. Kisha nikaanza kumuuliza alikozaliwa, shule alizosoma, alipokutana na baba. Alikuwa akinijibu kwa ufupi kama mtu aliye mbele ya polisi, na kila jibu analipima kwanza. Nilipoleta kile kitambaa cheupe cha kutarizi, nikakisukumia chini ya kitanda, nikasikia mlango wangu ukilia nyuma yangu. Nilipogeuka hapakuwa na mtu.

Spana ndiye aliyeharibu zaidi. Alileta mbao, akazisimamisha uani. Mama akamuuliza ni za nani. Unajua mdogo wako hawezi kudanganya hata mbuzi. Akasema ni za mteja. Mama akauliza mteja gani. Akasema, "Mtu mzima mmoja hivi." Mama akataka kujua urefu wake. Mwenzangu akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Kama wewe hivi."

Kuanzia hapo mama alibadilika. Akaanza kufunga chumba chake kwa ufunguo na kutembea na mkoba kwapani hata akienda bafuni. Nikimpikia, anasubiri nionje kwanza. Nikimwambia apumzike, ananikazia macho na kuniuliza nimesikia nini. Nikisema sijasikia kitu, anatikisa kichwa, "Haya." Ile haya yake, Kaka, unaijua.

Na sisi tukaanza kumshuku yeye. Mama Mdogo alikuwa akija mara kwa mara, wanajifungia chumbani na dadake, wananong'ona, na tukipita wananyamaza kama redio iliyokatwa umeme. Kila akiondoka, kitu kinapungua nyumbani. Kwanza vile vikombe vizuri vya wageni. Kisha redio. Kisha koti zito la mama. Nikamwambia Spana mama anahama, Mama Mdogo anamvuta akaishi kwake. Spana akasema la, mama amepata mwanaume, na anahamisha vitu polepole ili tusishtuke. Tulibishana wiki nzima kuhusu huyo baba wa kambo ambaye hakuna aliyewahi kumwona hata kivuli.

Ijumaa Spana akashindwa kuvumilia. Mama Mdogo alipofika getini na furushi, alisimama mbele yake. Nilikuwa nyuma yake, nasikia aibu lakini sikumzuia. Spana akamuuliza, kwa heshima ile inayouma kuliko tusi, kama anaweza kumsaidia kubeba vitu vya mama. Mama Mdogo akalitua furushi na kulifungua mwenyewe. Ndani mlikuwa na viatu vipya vya mama, vile ulivyomtumia wewe, bado vina karatasi. Nilidhani atatutukana. Alianza kulia. Akasema vitu hivyo amelazimishwa kuvichukua, kila siku anavikataa na kila siku anabebeshwa. Tukamuuliza kwa nini. Akasema ameapishwa, tumuulize mama yetu wenyewe, na tukiwa na akili tusichelewe.

Tulirudi ndani tumenywea. Mama alikuwa amekaa sebuleni, mkoba mapajani. Alituuliza kelele zilikuwa za nini getini. Tukasema mbwa. Akasema, "Haya."

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Niliamka mapema, nikapika uji, nikachemsha mayai na kukata matunda, nikapanga kwenye sinia. Spana akabeba kiti kipya. Tukagonga. Mama alifungua akiwa amevaa nguo za kutokea, nywele amezichana, kitanda kimetandikwa hadi kwenye kona. Alilitazama sinia, akakitazama kiti, akatutazama sisi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Daktari amewaambia nini?"

Nikamuuliza daktari gani.

"Msinifanye mtoto," akasema. "Mmenipima nimelala. Mbao zimeletwa za urefu wangu. Kitambaa cheupe kiko chini ya kitanda chako, nimekiona. Mmechukua picha zangu. Mnaniuliza nilizaliwa wapi, nilisoma wapi, kama mnaoandika wasifu wa marehemu. Nawauliza tena, daktari amewaambia nimebakiwa na muda gani?"

Kaka, sinia liliniponyoka, uji ukamwagika mpaka kwenye miguu yangu na sikuhisi moto. Spana ndiye aliyesema, "Mama, hakuna daktari aliyetuambia kitu. Ni kiti. Cha kujinyoosha."

Alituangalia mmoja baada ya mwingine. Ndipo akatambua kwamba hatukujua, na kwamba ametoboa siri mwenyewe. Akaketi kitandani.

Ndilo jambo ninalokuandikia. Mama ana uvimbe kwenye titi la kushoto. Aliugundua zamani kidogo, akaenda hospitali peke yake, akaambiwa apasuliwe haraka. Akakataa. Alimwambia Mama Mdogo peke yake, na alipotuona na utepe na mbao akajua dadake ametoa siri na hali ni mbaya kuliko alivyoambiwa. Ndiyo maana akaanza kugawa vitu, kukumbatia mkoba wenye vyeti vya hospitali, na kuogopa tusimtilie dawa kwenye chakula.

Nilitoa gauni. Spana alileta kile kitambaa na kukitandaza, mama akaona ni maua na picha, akaona jina lako kwenye pembe. Tukamwekea sauti yako. Uliposema jinsi alivyokimbia nyuma ya baiskeli akiwa na viatu vya kazini, mkono mmoja kwenye kiti na mwingine ameshika sketi, alicheka huku machozi yakimtiririka. Kisha akatuuliza jambo ambalo sitalisahau. Akauliza kwa nini tufanye haya yote kwa mtu asiyekufa.

Nikamwambia, "Kwani lazima ufe ndipo tukushonee gauni?"

Akajibu kwamba baba yetu aliishi humu ndani miaka yote bila kuambiwa neno zuri na mtu, yeye akiwemo, na siku aliposifiwa alikuwa ndani ya sanduku. Kwa hiyo alipoona tunaanza kumbembeleza, alijua zamu yake imefika.

Spana alichukua tambara akafuta uji. Baadaye mama alilijaribu gauni. Bega moja limepanda, nililikosea, naye akaniambia hivyo hivyo bila kunionea huruma. Alilala kwenye kile kiti na kukiri kinamtosha. Akiwa bado amefumba macho akasema, "Basi nipelekeni."

Tumempeleka. Daktari mpasuaji amesema amechelewa, lakini hajachelewa kabisa. Hakutuahidi kitu, na nilimpenda kwa hilo. Atapasuliwa mwisho wa mwezi huu. Mama ameniapisha nisikupigie simu kukwambia, akidhani utaacha kazi na kuja mbio. Nimetimiza kiapo, sijapiga.

Njoo, Kaka. Lakini uje unacheka. Usije na sura ya msibani, wala zawadi kubwa kubwa, wala usimkumbatie muda mrefu pale mlangoni, maana atakusoma usoni kabla hujavua viatu. Uje na njaa, umlalamikie chumvi, ugombane naye kuhusu kulala. Halafu ukishakaa, mwambie yale uliyorekodi, umwambie kwa mdomo wako, akiwa anakutazama.

Nisalimie shemeji na watoto. Spana anasema umletee misumeno, na Mama Mdogo, tuliyemwomba radhi hadi akachoka, anakuombea safari njema.

Ni mimi mdogo wako anayekusubiri,
Chaki