Reuben Mwandawiro, Uliyetuonyesha Mwisho Kwanza

Ni mwaka mmoja sasa, Baba Wakio, tangu Phineas wa karakana ya reli achukue shoka la kuni na kuupasua mlango wa chumba chako cha mashine ya sinema. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 16 Agosti 1975, saa kumi kasorobo, picha ya mchana. Watu wote ukumbini walitoka salama. Wewe peke yako hukutoka mzima.

Anayeandika ni mimi, Jedidah, mkeo. Ndugu yako Donald aliniambia tangazo la kumbukumbu huwa la upole. Nikamwambia upole nitautia, na ukali pia nitautia, na asiyetaka kusoma afunge gazeti.

Haya, tuanze na upole. Miaka kumi na mmoja ulishuka kutoka Werugha kila Ijumaa kwa lori la mboga, umevaa sweta yako ya kijani hata kwenye joto la Voi, ukaipokea mikebe ya filamu stesheni ikitoka Mombasa. Uliipangusa mmoja mmoja kwa kitambaa ulichoniibia jikoni. Ulisema picha ni mgeni, na mgeni haketishwi na vumbi la safari. Jumapili ulirudi nyumbani, na kabla hujavua viatu ulikuwa umeshaanza kunisimulia.

Ile ya kauboi naijua kama niliiona kwa macho yangu. Amekatiza jangwa siku tatu, midomo imempasuka, anafika kwenye dimbwi dogo la maji, anamwacha farasi wake anywe kwanza. Yeye amesimama tu, anameza mate. Tangu uione picha hiyo, ng'ombe wetu hakulala na kiu tena, nawe hukuigusa chai ya jioni kabla hajanywa yeye. Nilikuwa nakucheka. "Wewe kauboi wa Werugha, chai inapoa!" Siku hizi namnywesha mimi, na chai yangu inapoa vilevile.

Lakini picha ambayo Voi nzima inaikumbuka ni ile uliyoikosea. Mwaka wa 1968 mvua iliinyeshea mikebe stesheni, karatasi za namba zikabanduka, ukaweka mkanda wa mwisho kwanza. Taa zilipozimwa tu, watu wakamwona adui, bwana mnene mwenye pete tatu, ananing'inia ukingoni mwa kisima akiomba aokolewe. Kisha huyoo, akatumbukia. Basi, picha imekwisha! Watu wakatazamana. Hudson, mwenye ukumbi, akapiga kelele, "Zima! Anza upya!" Watu wakasema ng'o, usizime.

Ukaweka mkanda wa kwanza. Adui yuleyule akatokea mzima, tumbo mbele, anaifungia familia ya watu ndani ya nyumba na kuutupa ufunguo kisimani huku akicheka. Ala! Ukumbi mzima ukasimama. "Tupa tu, bwana! Kisima kinakungoja!" Kila alipomtesa mtu, walimwambia hivyo. Kila alipocheka, walimzidi kwa kicheko. Hapakuwa na mtu aliyemwogopa tena, hata wale waliozoea kujifunika uso.

Tangu siku hiyo wakawa wanakugongea, "Reuben, tuanzie mwisho!" Ulikubali kwa picha za maadui tu. Za Kihindi ulikataa katakata. Ulisema machozi yana mpango wake.

Na ya Kihindi uliyoipenda ni ile ya mama anayelikimbilia garimoshi. Mwanawe yuko dirishani, behewa linaondoka, ushungi umemwanguka mama, vidole vinakosana kidogo tu. Voi ni mji wa reli, kila mwanamke pale amewahi kusindikiza mtu. Wamama wa mboga kutoka huku kwetu, waliokuwa wakingoja lori la kurudi mlimani, uliwaingiza chumbani mwako, ukawakalisha kwenye sanduku, wakatazama kupitia kidirisha chako. Walilia, wakajipangusa kwa leso, wakakuachia karoti. Wema huo ndio uliokuponza.

Hudson aliwaona. Alisema ukumbi wake si wa bure. Kuanzia Juni mwaka jana, ukishaingia ndani, alikuwa anakufungia kwa nje kwa kufuli, funguo zinaning'inia kiunoni mwake, kisha anakwenda zake kula nyama upande wa pili wa mji. Mara mbili ulimwambia waya wa mashine unatoa cheche. "Funga na kitambaa," akakujibu. Uliniambia hayo tukila ugali, kwa sauti ya kawaida kabisa, na mimi nikakuambia uache kazi hiyo. Ukasema, "Nikitoka mimi, ataweka mtu asiyejua nyaya, aungue."

Siku ile mikanda ya zamani ilishika moto, moshi ukajaa. Uligonga. Phineas alikuwa viti vya nyuma, akaja mlangoni, akaliona kufuli. Anasema ulimwita kwa jina kupitia mbao: "Phineas, toa watu kwanza!" Akawatoa. Akarudi na shoka. Alipokufikia, moshi ulikuwa umeshamaliza kazi yake.

Hudson akaja ananuka mafuta ya nyama, akawaambia polisi, "Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amelewa, akalala na sigara." Phineas akasema kuna kufuli, akaambiwa alionyeshe, nalo halikuonekana. Ulevi! Wewe, ambaye hata divai ya meza ya Bwana uliigusa kwa midomo tu! Lakini ndivyo faili ilivyoandikwa. Na alipoukarabati ukumbi, Hudson akaandikisha ukutani kwa rangi nyekundu: WALEVI HAWATAPEWA KAZI HAPA. Binti yako Wakio anapita hapo kila asubuhi akienda kazini posta. Alijifunza kupita akiangalia upande wa pili wa barabara.

Ndiyo maana msalaba wako hauna maandishi mpaka leo. Niliapa sitaandika neno lolote juu yake kabla neno lile halijafutwa. Watu walidhani nimekosa rangi.

Mwezi wa sita mwaka huu, Katuku akapanda mlima kuja kwetu. Ni yule mama aliyekuwa akikata tikiti dirishani. Akakaa, akafungua leso. Ndani yake kulikuwa na kufuli, jeusi kwa moshi, bado limefungwa, limeshikilia komeo lake na kipande cha mlango chenye alama ya shoka.

"Niliokota usiku uleule, chini ya vipande," akasema. "Nikaficha kwenye debe la unga. Niliogopa kazi yangu, Mama Wakio. Lakini juzi alisema tena marehemu alikuwa mlevi, halafu akacheka. Nikashindwa."

Nilimpikia chai. Sukari nilikaa nayo mkononi mpaka aliposema maneno hayohayo atayarudia mbele ya hakimu. Hapo nikamtilia vijiko vitatu.

Hudson akasikia. Akamtuma Donald na kibuyu cha dengelua, ile pombe yetu ya miwa, eti nitase: nichukue funda, niitemee chini hasira yangu kama walivyofanya wazee, yaishe. Donald akasimama mlangoni akisema damu haijengi. Mimi niliweka kufuli mezani. Akalitazama. Akaishika ile alama ya shoka kwa kidole. Kisha akatoka nje, akamwaga pombe yote kwenye migomba, akarudisha kibuyu kitupu kwa mwenyewe. Ni kweli kutasa ni jambo jema, nami nimewahi kutasa kwa makosa madogo. Lakini hasira hii sitaitema. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Sasa nikusimulie mimi, Baba Wakio, kwa kuwa ni zamu yangu. Tulilipeleka kufuli polisi, nao wakampelekea Hudson. Akasema hajawahi kuliona. Wakamwomba zile funguo za kiunoni. Wa kwanza ukakataa, wa pili ukakataa. Wa tatu ukaingia, ukazunguka, kufuli likafunguka mbele ya watu. Nilikuwepo. Nilimwona anavyomeza mate. Loo! Ungekuwepo ungeurudisha mkanda nyuma tuione tena, na tena.

Jumamosi iliyofuata alifungua ukumbi kama kawaida. Watu wakakaa, taa zikazimwa, na kabla picha haijaanza mtu mmoja wa nyuma akasema polepole, "Tupa tu, bwana." Ukumbi mzima ukamalizia. Waliimba mpaka akawasha taa. Ukumbi umefungwa tangu siku hiyo. Sokoni akipita, wamama wa mboga hawamtukani. Wanamuuliza tu kama maji ya kisima ni baridi.

Faili yako itafunguliwa upya Jumatatu, tarehe 16 Agosti 1976, saa tatu asubuhi, mahakama ya Voi. Watu wa Mbololo, wa Bura na wa Werugha, nyote mnakaribishwa. Kaeni mbele. Akisema uongo msipige kelele, hakimu hapendi. Mtazameni tu, kama mnavyomtazama mtu ambaye mwisho wake mmeshauona.

Tukitoka hapo tutapanda nyumbani kwa ibada. Rangi nyeupe nimeshanunua, na Wakio ndiye atakayeandika msalaba, kwa sababu mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu: Reuben Mwandawiro, mwendesha sinema, aliyetoa watu kwanza.

Tunakukumbuka mkeo Jedidah, binti yako Wakio, ndugu yako Donald, Phineas aliyeshika shoka, Katuku aliyeficha kufuli, wamama wa lori la mboga, na ng'ombe wako, ambaye jioni bado anageuka akisikia viatu njiani.

Sisi tutakukumbuka daima, bila kukumbushwa na mtu. Hudson tutamkumbusha.